Kitanda cha Harusi ya Salum

Haya yananiaibisha miaka yote, na hata leo nikipita uchochoro yalikotokea nainamisha uso. Asubuhi ile nilitoka nyumbani bila kujua naelekea wapi (ndiyo yalikuwa maisha yangu tangu niache shule, naamka, natoka, miguu ndiyo inayojua), na ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, rangi haipatikani madukani, kwa hiyo nilipomwona rafiki yangu Salum pale Darajani amekumbatia kopo la rangi kama mtoto mchanga, nikamsimamisha. Akanieleza kwamba anamuoa Rukia Ijumaa, baada ya kumngoja miaka miwili, na anapaka rangi chumba alichoachiwa na mama yake, Bi Zuhura, aliyehamia ukumbini. Nikajitolea kupaka. Ningeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia, lakini alitaja kwamba swichi ya taa iko mbali, nyuma ya mlango, nami nikasema nitaihamishia kitandani.

"Umeme unaujua?"

"Nnaujua," nikamwambia. (Niliwahi kumshikia fundi ngazi msikitini.)

Nikachimba mfereji ukutani, nikalaza waya, ukawa mfupi, nikaunga vipande viwili, na kwa kuwa utepe wa kufungia waya haukupatikana nikafunga maungio kwa kanga kuukuu, nikafukia kwa chokaa mbichi na kupaka rangi juu. Taa ikawaka. Salum akaiwasha na kuizima mara kumi, anacheka. Sikujua, na sikumuuliza anayejua, kwamba chokaa mbichi hupitisha umeme, na kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma, tukakisukuma mpaka kikagusa ukuta uleule.

Alhamisi baada ya alasiri wakaja wanawake wa upande wa Rukia kutandika, mbele yao Bi Mize, somo wake aliyemfunda, maana kwa desturi yao yeye ndiye wa kwanza kukigusa kitanda. Chumba kilikuwa na giza, wakawasha taa. Sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki, Bi Mize yuko pekupeku, akashika chuma ili atandaze shuka, akarushwa nyuma akakalia sinia la asumini. Mwenzake akajaribu, naye akarushwa. Ningecheka, lakini niliona Bi Mize alivyoinuka na kumgeukia mama yake Salum.

"Humu mna kitu, Bi Zuhura. Unafuga jini gani, utake mtoto wa watu alale nalo?"

Bi Zuhura alikuwa mjane, anashona kofia, hajawahi kugombana na mtu. Akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na bisibisi mfukoni, nami nilishajua kila kitu tangu Bi Mize aliporushwa.

"Haji, mwanangu, wewe umeshinda humu siku tatu. Umeona kitu?"

"Sikuona kitu, mama."

Nilichokuwa nakificha ni aibu ya fundi wa uongo, aibu ya dakika moja. Hadi magharibi mtaa mzima ulikuwa unasema Bi Zuhura ana jini lisilotaka mkwe, na Ijumaa asubuhi baba yake Rukia akatuma ujumbe kwamba hakuna nikaha. Ndipo nilipokwenda kukiri. Nikamwita baba yake Rukia na Bi Mize chumbani, nikaubomoa ukuta mbele yao, nikawaonyesha kanga iliyoungua. Baba mtu alikuwa ameanza kulegea, lakini Bi Mize akasema:

"Jana kaulizwa, hakuona kitu. Leo ana waya. Huyu kapangwa aje kuongopa."

Wakaondoka. Bi Zuhura hakunitukana, alikaa akakunja zile shuka moja moja. Salum akanitoa mpaka nje.

"Ungesema jana, Haji, tungecheka sote."

Sikurudi nyumbani. Nikapanda gari la kaskazini, nikamalizia kwa miguu hadi Kendwa, ambako simjui mtu, na mzee mmoja msokota kamba akaniambia ana chumba uani. Nilikuwa na njaa na mvua ilishaanza, lakini nilisimama nje nikamsimulia yote kabla hajanifungulia, ili kama ni kunifukuza anifukuze mapema (na tangu siku hiyo nikikosea nasema palepale, hata mdomo uwe mzito vipi). Akauliza kama yule mama amepata wa kumtetea.

Nikamwambia hapana. Akanifungulia, akanionyesha mkeka, akaenda zake bila kuniaga.