Lenzi Isiyotaka Kuchunguliwa

Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mji wa Kale. Jumamosi nilipiga picha kwenye kupamba, sherehe ya wanawake peke yao ya kumtazama bibi harusi. Kamera yangu mpya nilikuwa nimeivisha lenzi pana ya zamani, ile ambayo pete yake huzungushwa kwa mkono ili picha itoke wazi.

"Pete hii naiweka sawa mara moja tu," nilimringia mama wa bibi harusi. "Baada ya hapo hata kuchungulia sichungulii."

"Basi kula sambusa kwanza, mwanangu."

"Mimi nikiwa kazini sili, mama."

Alipotoka, nikaendelea kupiga kwa mkono mmoja, kamera iko kifuani. Mkono wa pili ulikuwa na shughuli zake. Kumbe pete ilishasogea, sina habari.

Jana wanawake wa nyumba ile wakajazana sebuleni tuzitazame picha kwenye televisheni. Bibi harusi alikuwa ukungu mtupu, ya kwanza hadi ya mwisho. Nyuma yake, ndani ya kioo kikubwa cha ukutani, mtu mmoja tu alionekana wazi: mimi, mashavu yamejaa.

Mama wa bibi harusi akavaa miwani, akaisogelea televisheni.

"Uso wa mwanangu siuoni," akasema taratibu. "Lakini sambusa uliyoikataa, naiona mpaka kitunguu chake."