Mfereji wa Moyo

Kosa langu la kwanza lilikuwa ndizi. Mke wangu alizimia mara mbili katika mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, na mimi, niliyejifunza kutengeneza redio peke yangu kwa vitabu vya mitumba, niliamini hata yeye nitamwelewa kwa njia hiyo. Kitabu kimoja cha afya kilisema moyo unahitaji potasiamu, na kwamba ndizi zina potasiamu nyingi. Basi kila jioni nikitoka kazini Thika nilipitia sokoni Ruiru, nikafika nyumbani Kiuu na kichana cha ndizi mkononi.

"Leo tena?" angeniuliza. "Kwani ulioa tumbili?"

Alizila kwa ajili yangu. Mimi nilikaa nikimtazama hadi amalize, nikijiona nimefanya jambo.

Asubuhi moja saa yangu ya kengele ikalia. Nilikuwa nimeiweka karibu na kichwa chake, kwa sababu siku zile niliogopa kuchelewa kazini kuliko kitu kingine chochote. Aliketi, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, akaanguka upande. Nilimwita, hakuitika. Muda uliopita hapo sipendi kuukumbuka. Kisha akavuta pumzi, akaniuliza kwa nini nalia.

Daktari wa Thika alimpima umeme wa moyo, akatandaza mezani karatasi ndefu yenye mistari. Nilimweleza habari za ndizi, kwa fahari kidogo. Hakunicheka.

"Potasiamu anayo ya kutosha," alisema. "Shida ni mfereji."

Kwetu mfereji ni lile bomba la maji uani, la wapangaji wote wa ploti. Mke wangu akauliza kama moyo wake unavuja.

"Hauvuji, mama. Moyo ukishapiga, potasiamu hutoka kwenye seli zake kupitia vijilango vya protini tunavyoviita mifereji, ndipo upumzike. Vyako vingine havifunguki vizuri, kwa hivyo moyo unachelewa kupumzika. Kelele ya ghafla ikiukuta hapo katikati, unapotea njia."

Alisema maagizo ya kutengeneza vijilango hivyo yako kwenye jeni, na jeni hurithiwa. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wameitambua jeni hii yenye kasoro juzijuzi tu, na yeye hakuwa na namna ya kuipima hapa. Aliusoma ugonjwa kwenye ile mistari. Mke wangu akakumbuka shangazi yake, aliyekufa angali msichana, siku mbwa walipobweka ghafla nyuma yake. Kwao hakuna aliyejua kilichomuua.

Tulipewa vidonge vya kila siku. Ningepaswa kutulia hapo. Badala yake nilimpa mtu ile saa, nikapigilia vipande vya mpira kwenye fremu ili mlango usigonge kwa kishindo, nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasipige kelele. Mzee mmoja Mwislamu, muuza viatu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, kijana," akasema. "Na jogoo wangu, nimwambie mimi au utakuja mwenyewe?"

Kitandani nilikesha nikisikiliza pumzi za mke wangu.

Kisha akapata mimba. Daktari alituonya kwamba mtoto anaweza kuirithi jeni ile, na kwamba miezi ya kwanza baada ya kujifungua mama awe mwangalifu zaidi. Mimi nikawaza kilio cha mtoto tu. Nikapendekeza mtoto akizaliwa akae na mama yangu Gitothua.

"Yaani nimzae, nimpeleke?"

"Kwa muda kidogo."

"Ndio asinililie?"

Nilianza kumweleza kitabu kinavyosema.

"Vitabu vyote umesoma," akasema, "na mimi hujaniuliza hata siku moja ninaogopa nini. Siogopi kelele sana. Ninaogopa kuishi na mtu anayengoja nife."

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikamuuliza anataka tufanye nini, na alikuwa na jibu tayari.

"Mtoto alale upande wako. Ukisikia ameanza kuguna, niguse mguu. Mguu tu, usiniite, niamke kabla hajalia."

Alizaliwa msichana. Nilijifunza ule mguno mdogo unaotangulia kilio, na nikawa hodari nao. Lakini alasiri moja, mama na mtoto wakiwa wamelala, nami nikasinzia kitini. Kilio kilinirusha juu. Nilipofika kitandani mke wangu alikuwa ameshaketi, mtoto titini, kiganja kimoja kifuani kwake mwenyewe.

"Moyo umedunda kidogo," akasema. "Umerudi. Hebu kaa chini, baba, wewe ndiye utaanguka."

Nilikaa. Naye alicheka hadi mtoto akaachia titi.

Binti yetu sasa anatembea. Daktari anasema mistari yake ni ya kawaida, ingawa atampima tena akikua. Mama yake humeza vidonge vyake kila asubuhi bila kukumbushwa. Mimi bado ni mwoga. Tofauti ni kwamba siku hizi nikiogopa namwambia, na akisema yeye haogopi, ninalala.