Mama Aliyechomoa Seva

Kiwanda chetu cha chai pale Tukuyu kilipobinafsishwa, wenye mali wapya walileta dishi la setilaiti na seva moja, nami nikapewa kuitunza. Nilivimba kichwa. Kompyuta nilikuwa nimesomea Mbeya miezi michache tu, lakini mbele ya wapima majani nilitembea kama daktari.

Chumba cha seva kilifagiliwa na mama mmoja mjane wa Kawetele, rika la mama yangu mzazi. Kwetu mvua haina likizo, na radi ilikwisha kutuunguzia modemu. Ndipo nikamwagiza: akisikia ngurumo tu achomoe kila kitu, asinisubiri. Hakuhitaji kufundishwa sana, maana nyumbani kwake hata redio ilichomolewa wingu likianza kutanda.

Siku moja fundi wa makao makuu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Mchana ule, akiwa huko huko, angeizima seva yetu na kuiwasha, kisha abadilishe programu yake ya ndani kabisa, ile inayoiamsha mashine kabla ya programu nyingine zote. Kazi hiyo ikikatizwa katikati, alisema, mashine haitaamka tena. Nikae humo chumbani mpaka amalize, na niwaonye watu wote wasiguse waya. Nikamwitikia. Mama alikuwa anapiga deki koridoni, hatua tatu kutoka mlangoni, na sikumwambia kitu. Niliona mambo ya seva yamempita kimo. Baadaye njaa ikaniuma, nikaenda kantini kula ndizi.

Ngurumo ilinikuta na kijiko mkononi. Nilikimbia, lakini nilichelewa. Mama alikuwa amesimama kando ya seva na nyaya zote mkononi, hata ule wa betri ya akiba, uso wake umejaa furaha.

"Nimewahi, mwanangu," akasema. "Hii haikuungua."

Nilimjibu kwa ukali ambao mpaka leo unanitia haya. Fundi alihangaika siku mbili kuiamsha kutoka Dar, ikabaki kimya. Meneja, ambaye hakuwa mtu wa huku, akasema aliyesababisha hasara hiyo atafute kazi kwingine. Nilijua ni mimi. Siku mbili hizo zote ningeweza kwenda kumweleza meneja, lakini kila nilipofika mlangoni kwake nilijifanya napita tu. Niliogopa, sina neno zuri zaidi ya hilo.

Asubuhi ya tatu tukaitwa wawili. Meneja akamuuliza mama nani alimtuma kushika nyaya. Mama akanitazama kidogo, kisha akainamisha macho.

"Hakuna aliyenituma, baba," akasema. "Ni woga wangu tu wa radi."

Meneja akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.