Pacha Aliyesahau Pacha Kitabuni

Haya aliniambia Mama Ibidun mwenyewe, Jumatatu iliyopita, sokoni Igbo-Ora, tukingoja petroli ya mashine yake. Alianza kucheka kabla hajaanza kusema.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mama Ibidun, jina lake hasa Kehinde Oyelami, anavuta kamba ya mashine ya kusaga pilipili. Inakohoa, inakataa, inawaka. Wanawake wamekwisha panga mabakuli: pilipili, nyanya, vitunguu. Bakuli moja naira mia tatu. Macho yanamwasha, lakini mdomo hafungi.

"Leo saga vizuri, jana uliniachia mbegu!" anafoka mteja.

"Mbegu nilimwachia mumeo, anywe maji apunguze maneno."

Kati ya bakuli na bakuli, kwa miaka miwili, mama huyu ameandika riwaya ya vijana, ya kusisimua. Ameiita *Mwizi wa Sehemu Mbili*. Shanga za mfalme zimeibwa. Mwizi kaonekana Igbo-Ora, na saa ile ile kaonekana Abeokuta, mji mwingine kabisa. Kijana Idowu anamsaka. Ukurasa wa mwisho ndipo siri inatoka: wezi ni wawili, mapacha, tena kaka zake Idowu, ambao aliambiwa walikufa wangali wachanga.

"Nilijipongeza, Bibi," ananiambia. "Nikasema hii hata mchawi hawezi kuijua."

Akampelekea Mwalimu Adunni wa sekondari ya wasichana. Mwalimu akamwambia, "Njoo uwasomee kidato cha pili. Wakikusikiliza mpaka mwisho, shule itaichapa, waisome wote. Wakichoka, utarudi nayo nyumbani."

Ijumaa akajifunga kilemba cha sherehe, akaenda. Alikuwa ukurasa wa pili tu binti mmoja, Abeni, akainuka na kupiga goti kidogo.

"Samahani, Mama. Huyu kijana anaitwa Idowu?"

"Idowu."

"Basi ana mapacha mbele yake."

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Na mwizi yuko sehemu mbili! Mama, si ndio hao?"

Likapasuka darasa zima kwa kicheko. Mji wetu huu kila nyumba ina mapacha, na mtoto anayezaliwa baada yao ndiye huitwa Idowu, hakuna mwingine. Wasichana wakagonga meza. "Na Mama mwenyewe anaitwa Kehinde, jina la pacha! Pacha amesahau pacha!"

Nilimuuliza ilikuwaje, mwanangu, wewe wa kusahau hilo?

"Bibi, Idowu ni mdogo wangu. Nimemwita hivyo tangu nina meno ya utoto. Jina hilo kwangu halina maana, ni yeye tu na miguu yake mikubwa."

Mwalimu Adunni alijifuta machozi ya kicheko, akampa Ijumaa moja nyingine. Moja tu.

Siku zile pilipili ilisagwa kwa hasira. Habari zilikwisha fika sokoni. "Mama Ibidun, Idowu keshawaona kaka zake?" Kila anayeleta bakuli analeta na hilo. Akafikiri abadilishe jina la kijana. Lakini mtu kuonekana sehemu mbili, katika mji huu? Nani atahangaika kufikiri?

Jumanne akaja Abeni, katumwa na mama yake kusaga nyanya.

"Mama, kitabu chako kimeniudhi."

"Nimesikia."

"Huyo Idowu ni mjinga kiasi gani, asijue mpaka mwisho? Ningemfokea kila ukurasa!"

"Ungemfokea?"

"Ningekaukiwa sauti!"

Mama Ibidun akazima mashine, foleni yote ikimtazama. "Nendeni nyumbani, nina kitabu cha kuandika upya," akawaambia. "Leo kuleni mchuzi mweupe, bila pilipili."

Ijumaa ikafika. Akasimama mbele ya wasichana wale wale, akasoma mstari wa kwanza: "Idowu hajui kwamba kaka zake wako hai. Ninyi mnajua. Msimwambie."

Wangewezaje? Idowu anakula amala, ugali wa viazi vikuu, na mchuzi wa majani ya bamia, kaka mmoja kakaa naye meza moja, anamwomba chumvi. "Mtazame usoni, wewe!" Idowu anamwazima mwingine baiskeli. "Usimpe! Jamani, usimpe!" Mwalimu wa darasa la jirani akaja mbio akidhani wanapigana. Kengele ya chakula ikalia, hakutoka hata mmoja. Na dirishani alikuwepo Mwalimu Adunni, akipiga ukuta kwa kiganja: "Geuka nyuma, mjinga wee!"

Kilipokwisha, Abeni alikuwa hana sauti. Mwalimu Adunni alizichukua karatasi, akazikumbatia, akasema hazirudi nyumbani tena, zinakwenda kuchapwa.

Sasa Mama Ibidun anapanga kitabu cha pili. Mfua bati amekutwa amefungwa ndani ya pipa lake mwenyewe, na aliyemfunga hajulikani. Safari hii, anasema, siri hamwambii mtu hata mmoja.

Jumapili walipotoka kanisani wakala, mvua ikaanza kupiga bati. Wakajilaza, yeye na Baba Ibidun.

"Ni mkewe aliyemfunga?" mume akauliza.

"Lala."

"Basi ni yule muuza misumari."

"Baba Ibidun, lala."

"Mimi ni mumeo! Niambie herufi ya kwanza tu."

Mama Ibidun alikwisha lala, mkono chini ya shavu. Mume, kama alivyoniambia mwenyewe, akaitazama dari.

"Mchungaji," akasema polepole. "Hapana, mchungaji hawezi kuinua pipa. Labda wawe wawili... labda mchungaji na..."

Naye akalala.