Maharage ya Jikoni

Tangu operesheni ya vijiji iwahamishie kijiji kipya kando ya barabara ya Kasulu, Odilia alirudi kila alfajiri mlimani, kwenye maharage na muhogo wake. Jioni alishuka na mzigo kichwani, shingo ikiwaka moto, akamkuta mumewe, Mwalimu Melkiadi, akisifu vya dukani. Siku ya posa ya binti yao Veronica, mwalimu alipita kiasi.

"Samaki wa kopo, Baba Vero? Ziwa liko hapo Kigoma, wewe unaniletea samaki wa kopo!"

"Wakwe wanatoka Manyovu. Niwape maharage, watuone maskini?"

"Watuone wakulima."

"Pika, Mama Vero."

Akapika huku akisonya. Maharage aliyokwisha kuyaunga kwa mawese wakapewa watoto jikoni, na ugali wa muhogo.

Mama Longinus, mama wa mchumba, alionja wali tonge moja, akaacha.

"Mwalimu, mchele huu mmelima bonde gani?"

"Huo wa dukani kwa Hilali, mama! Umetoka mbali sana."

"Na kitoweo?"

"Dukani pia," alisema Melkiadi kwa fahari.

Odilia alifumba macho. Miaka ya chuoni ilikuwa imemsahaulisha huyu mwanamume kwamba kwao mkwe huonja kwanza shamba la nyumba, ndipo aseme neno la binti.

Mama Longinus alimgeukia mumewe. "Twende. Hapa hakuna jembe. Mwanangu atalishwa kwa kopo?"

Alikwisha kujifunga kanga aliposimama ghafla, akanusa. Akaifuata harufu ya mawese mpaka jikoni, Odilia nyuma yake. Watoto walikuwa wakilamba vidole.

"Haya ya nani?"

"Yangu. Ya kule mlimani tulikotolewa."

"Veronica anapajua?"

"Ndiye aliyeyapalilia. Hata mimi ananiacha nyuma."

Mama Longinus akaketi mkekani, akawasukuma watoto, akamega. Alikula mpaka mchuzi ukamtiririka kiganjani.

"Majembe ya mahari tutaleta," akasema. "Nisogezee ugali."

Melkiadi alichungulia mlangoni, sahani ya wali mkononi. "Mama Vero, na huu je?"

"Kaa nao chini uumalize," alisema Odilia. "Na kesho alfajiri tunapanda mlima sote wawili. Ukaone chakula kinakotoka."