Jina la Cheti la Mzee Toco

Marinalva Quirino ameandika riwaya tatu, zote kwenye meza moja, ile iliyo karibu na friza katika baa ya mzee Toco, hapa kwetu mjini Riacho das Emas. Asubuhi anafundisha jiografia. Nyumbani ana mama asiyenyamaza hata akiwa anakula, kwa hiyo mchana mwalimu huhamia baani, huagiza kahawa moja na kuikalia kwa saa nne. Kwa miaka kumi na mmoja mzee Toco hajamwambia anunue ya pili. Kwingine hapakuwa na nafasi: maktaba ilifungwa, na padri alimtoa ukumbini mwa kanisa alipomaliza kusoma riwaya ya kwanza.

Katika riwaya ya tatu kuna mpiga kengele wa kanisa, mwoga ajabu, anayemkimbia bibi harusi kupitia dirisha la choo na kunasa hapo kiunoni. Marinalva alimtafutia jina ambalo mtu aliye hai asingekuwa nalo, maana watu wetu ni wepesi wa kununa. Akachagua Astrogildo. Alisahau kwamba hapa tunaitana kwa majina ya utani mpaka kaburini, na jina la cheti cha kuzaliwa analijua karani tu.

Uzinduzi ulifanyika baani, Jumamosi asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la kila mnunuzi kwenye kikaratasi na kukichomeka kitabuni, ili mwandishi asikosee anapotia sahihi. Niliandika Kipara, Mama Chumvi, Mguu wa Kuku. Mzee Toco, mfupi kama kisiki, ambacho ndicho maana ya Toco, alininong'oneza kwamba kitabu ni kitu cha heshima, kwa hiyo yeye nimwandike jina la cheti. Nikaandika: Astrogildo. Kitabu chenyewe nilikuwa sijakisoma.

Marinalva alisoma kikaratasi, kalamu ikasimama. Angeweza kutia sahihi na kuomba Mungu mzee asifike mbali katika kusoma kwake. Badala yake alifungua ukurasa wa themanini na nne, akamwambia asome pale pale, na kwamba mzee akikasirika, yeye mwandishi ataiacha meza yake leo hii.

Mzee Toco alisoma kwa kufuatisha kidole, midomo ikicheza, foleni ikimngoja.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Hakuna, mzee. Nimebuni tu."

"Acha hizo, mwalimu. Ni wale wa Pedra Torta, kwao yule msichana. Na ni waongo vilevile, maana mimi sikunasa dirishani. Nilipita mlangoni, kama mwanamume."

Mama Zuleide, mkewe katika ndoa ya miaka thelathini na minane, alikuwa nyuma yake na sinia la vitafunio vya kuku. Aliliweka chini polepole.

"Kumbe kulikuwa na bibi harusi," alisema. "Mimi uliniambia miaka hiyo ulikuwa seminari."

"Mke wangu, watu wapo."

"Wakae. Na wewe mwalimu, kaa. Hiyo meza haiendi popote."

Sasa Marinalva yuko katikati ya riwaya ya nne. Kila alasiri Mama Zuleide huketi mkabala naye na kumsimulia habari za mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mzee Toco hufuta glasi moja nusu saa nzima, akitega sikio ajue safari hii amepewa jina gani kitabuni.