Bondia Wangu na Mafua Yasiyokwisha

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, tukala matobolwa asubuhi, tukala matobolwa jioni. Hata wageni wa harusi hapa Ng'ambo walipewa hivyo viazi vikavu na chai, wakashukuru. Ndio mwaka mjukuu wangu wa kike, ninayeishi naye, alipoamua kuwa bondia wa kweli.

Sikumzuia. Ngumi zake nimeziona, na msichana wa kumrudisha nyuma mjini hapa sijamwona. Kilichonichosha ni kocha wake. Kila alfajiri anamkimbiza barabara ya Isikizya amevaa koti la mvua, eti apungue uzito. Jioni ngumi. Chakula anadonoa kama kuku mgonjwa. Ukimuuliza kocha, jibu lake moja: "Bibi, huyu ana damu ya wapagazi. Wazee wenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu."

Babu yangu alikuwa mpagazi. Walitembea, wakatua mizigo, wakapika, wakalala. Aliyekimbia na pembe begani ni nani?

Basi mtoto akaanza kuugua. Mafua yanaondoka leo, keshokutwa yamerudi. Vidonda mdomoni, kikohozi kifuani. Mchubuko mdogo wa kiwiko ukageuka jipu. Nikasema malaria, zahanati wakapima, hakuna. Daktari akamuuliza anavyokimbia na anavyokula, akaguna.

"Mazoezi yanajenga mwili, bibi. Lakini yakizidi, mtu hali wala hapumziki, kinga inashuka. Kila kijidudu kinachopita kinaingia. Apumzike mpaka kifua kipone."

Njiani nikamwambia, "Umesikia, mke mwenzangu?"

"Nimesikia. Lakini pambano ni Jumamosi, bibi. Nisipopanda ulingoni, safari ya mashindano Dar anakwenda mwingine."

Safari ile aliitaka kuliko kitu chochote, na mimi nilishaanza kuwatambia majirani.

Ijumaa kocha akaja. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hukuja kunisalimia mimi."

"Nimemfuata mtoto tukapime uzito. Mafua tu hayo, akitoka jasho yanaisha."

"Jasho limemtoka miezi. Limeponya nini?"

Akacheka. "Bibi unaogopa ngumi."

"Ngumi siogopi. Naogopa kifua chake. Nyamaza usikie."

Ndani mtoto akakohoa, kikohozi kirefu, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Kocha akatazama viatu vyake.

"Mjukuu wangu hapigani akiwa anakohoa," nikamwambia.

Akaanza kubembeleza. Raundi chache tu, dawa atanunua yeye, bibi usimkatie mtoto riziki. Mjukuu naye akatoka na mfuko wa glavu begani, macho mekundu, sijui kwa homa au kwa kulia. "Bibi, nakuomba. Hii moja tu."

Iliniuma, sitasema uongo. Nikamvua ule mfuko, nikauweka juu ya kigoda mlangoni, nikaukalia.

"Mjukuu wangu hapigani akiwa anakohoa."